Mama Lovenia Tarver, Aliyewapa Askari Weusi Chakula na Kitanda

Leo mwaka umetimia, Mama, tangu ulipofumba macho. Mlango wa nyuma bado tunaufunga kwa makomeo mawili, kama ulivyotuzoesha.

Hukuwa mwepesi wa kumwamini mtu. Maziwa ya muuzaji uliyaonja kwanza mbele yake. Hata hivyo, miaka ile ya vita, hoteli na migahawa ya mji wetu hapa Georgia, Marekani, ilipowafukuza askari weusi waliokuwa wakibadili basi, ni kwako walikokula na kulala.

Tunaikumbuka Jumapili ile ya 1944. Koplo Ennis Boykin alibisha, sare imechanika begani.

"Nani kakuelekeza kwangu?"

"Mchungaji, mama."

"Mchungaji yupi? Wetu yuko Macon tangu Alhamisi."

Ukamwacha juani, ukihisi ametumwa na polisi kupeleleza nani anawapokea askari. Mwishowe akasema kweli: dereva wa basi alimtolea bastola kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti, naye akatimua mbio. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo akamwonyesha nyumba hii, akamwapisha asimtaje.

"Kumbe umedanganya kumsitiri mwenzako," ukasema. "Ingia ule."

Hajamaliza bawa la kuku, gari likasimama nje. Ukamsukuma chini ya kitanda. Wazungu wawili wakaingia bila hodi.

"We Lovenia, umemwona askari mweusi?"

"Nimewaona wengi, bwana. Vita haijaisha."

"Na hii sahani ni ya nani?"

Baba, aliyekwisha kushiba zamani, akaketi, akala chakula cha askari mpaka kunde ya mwisho, nao wamemkodolea macho.

Walipoondoka hukuamini kwamba wameondoka. Ulimzuia Ennis siku tatu, kisha mwenye gari la maiti akamvusha hadi kambini, kalala nyuma kama marehemu. Barua yake ilipofika kutoka Ufaransa, uliigeuzageuza, ukasema, "Kuandika, yeyote anaweza."

Vita ilipokwisha alikuja mwenyewe, na mama yake mzazi. Yule mama alikushika mikono yote miwili. Nawe, uliyemhoji kila aliyekanyaga baraza yako, hukumuuliza lolote. Mlilia tu, mmesimama hapo hapo mlangoni.

Unakumbukwa na mumeo Ezell. Wanao Verdell, Ozie na Cleotha. Dada yako Arzula. Na wajukuu wote.

Hututoki moyoni, Mama, maisha yetu yote.