Vibakuli Vimerudi Kabla ya Magharibi

Alhamisi, Kisangani. Joto limeukalia mji tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nina hasira, na chini ya hasira nina woga. Naandika hapa kwa sababu nyumbani sina wa kumwambia.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua: mume wangu, Idi, alikwenda Kivu kununua vitambaa, kama alivyozoea. Waasi wakaikamata miji ya huko akiwa bado njiani kurudi. Alipofika hapa wakubwa walimwuliza ametoka wapi, naye akajibu ukweli. Ndilo kosa lake lote. Wanamshikilia katika nyumba moja ambayo sitaitaja, maana na mimi nataka kulala kwangu. Tangu hapo hatujaruhusiwa kumwona. Kinachoingia kwake ni chakula tu.

Basi maisha yangu yamekuwa termosi.

Ni termosi ya chakula, pana, yenye vibakuli vitatu vinavyopangwa ndani yake kimoja juu ya kingine. Kila mwanamke anayepeleka chakula pale anajua mpangilio bila kufundishwa. Kibakuli cha juu ni cha askari wa mlangoni. Usipomwekea, termosi yako itashinda juani. Cha katikati ni cha wafungwa wenzake mumeo, kwani nani atakula peke yake mbele ya wenye njaa? Cha chini kabisa, ambako joto hudumu, ni chake. Leo nilimwekea lituma, ndizi zangu za kuponda, na samaki wa mafuta ya mawese. Tende nilizifunga kwenye nailoni.

Huu ni mwezi wa Ramadhani, ndiyo maana nalililia hilo joto. Termosi naiacha mlangoni baada ya alasiri, yeye anafungua saumu magharibi na chakula bado kinatoa mvuke. Asubuhi yake naenda kuichukua, vibakuli vichafu, kokwa za tende zimebaki chini. Uso wake sijauona, lakini kila asubuhi naosha mabaki yake. Kwangu hiyo ilikuwa salamu, na nilikuwa nimeanza kuridhika nayo.

Leo mlangoni palikuwa na askari mgeni. Aliipokea termosi kwa heshima kabisa.

"Mama, ungoje kidogo. Utarudia nayo sasa hivi."

Nikangoja ukutani. Sijamaliza hata kufunga kitenge vizuri, huyo amerudi. Vibakuli vyote vitatu vitupu.

"Bwana yako amekula yote," akasema. "Anasema aksanti, chakula iko muzuri."

"Iko muzima?"

"Iko muzima, mama. Bon, uende tu nyumbani."

Jua lilikuwa bado juu ya mto.

Idi hali mchana wa Ramadhani. Mwaka ule aliougua malaria nilimlilia anywe hata uji, akanigeuzia mgongo mpaka adhana. Yule askari hakulijua hilo. Alitafuta neno la kumpa mke wa mtu, akaokota lililo jepesi, kwamba mwenye njaa amekula.

Na mimi nikamwambia aksanti, papa, kama ninavyomwita mzee wa heshima. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo nilivyosema, kisha nikaondoka na termosi yangu kama mtu aliyetoka sokoni.

Njiani nilijipa moyo. Labda chakula wamekula wao, na Idi yumo ndani na njaa yake. Labda wamemhamisha, na huyu mgeni hakutaka samaki apotee bure. Labda wamemlazimisha. Mungu anisamehe, nimefika mahali pa kuomba mume wangu awe amevunja saumu. Naomba awe amekula mchana kweupe, bila aibu, akalamba na vidole.

Mama mkwe alikuwa uani akipepea makaa ya uji wa futari. Aliiona termosi mkononi mwangu. Haijapata kurudi siku ileile. Akanyanyua kifuniko, akachungulia ndani, halafu akatazama jua.

"Amekula?"

"Amekula, mama."

"Sasa hivi?"

Nikaiweka termosi chini. Akaendelea kupepea makaa, na uji ulikuwa umeshachemka zamani. Adhana ilipoingia hakuugusa. Mimi nilitia tende mdomoni kwa sababu ni lazima kufungua.

Sijui mke anaanza lini kuitwa mjane. Sijui kama kuna mtu anayekuja kumwambia, au kama anaachwa agundue mwenyewe kwa kuosha vyombo.

Kesho nitapika tena. Nisipopika nitakuwa nimekubali, na mimi sijakubali kitu. Nitakaa pale mlangoni, termosi mapajani, mpaka jua lizame, na nitasema chakula hiki namkabidhi Idi mkononi mwake. Wakitaka kunisukuma wanisukume.

Mama mkwe atakuja nami. Baada ya sala aliingia chumbani, akafungua sanduku lake, akatoa sanda aliyojinunulia mwenyewe kwa ajili ya siku yake. Ameikunja upya, ameiweka karibu na mlango. Amesema mimi nibebe chakula, yeye atabeba hiyo, na kimoja kati ya hivyo viwili lazima wamfikishie mwanawe.