Safari Hii Nakuja Mchana

Barcelona,
Jumapili, 12 Septemba 1993

Mdogo wangu mpendwa Otilia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na paa la zizi halijaanza tena kuvuja. Sisi huku hatujambo. Joto limepungua, wapangaji wamerudi kutoka baharini na wameanza upya kunilalamikia lifti, kwa hiyo najua kwamba mwaka umeanza. Dorinda anakusalimu. Nasema anakusalimu wewe. Mimi mumewe amekuwa akinisalimu kwa kutikisa kichwa tu tangu Alhamisi, kwa sababu ambayo nitaifikia usipochoka kusoma.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umeniuliza jambo moja: nikija kwa sikukuu ya San Froilán, nitapanda treni ya usiku au ya mchana, ili ujue umtume nani kunipokea stesheni ya Lugo. Halafu, baina ya bei ya viazi na ugonjwa wa ng'ombe wa padri, umeweka mstari mmoja kwamba Evaristo anauza mifugo yake na mwisho wa Oktoba anahamia Bilbao kwa mpwa wake, moja kwa moja. Hukuongeza neno. Lakini mimi ni bawabu, Otilia, na kazi ya bawabu ni kutazama vitu vidogo. Wino wa mstari ule ni mzito kuliko mingine yote, kama wa mtu aliyeishikilia kalamu pale pale akifikiri. Nimeuona, na tangu niuone silali vizuri.

Tuanze na treni, maana ndilo swali uliloniuliza.

Kila mwaka nimekuja nyumbani kwa treni ya usiku na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Ulipouliza ndipo nilipogundua kwamba nimeivuka Hispania nzima mara arobaini na kitu bila kuiona, kama gunia la viazi. Zaragoza naijua kwa taa moja ya njano inayopenya kwenye pazia. Miranda naijua kwa yule mtu anayegonga magurudumu kwa nyundo, akitembea taratibu kama daktari anayepita wodini. Burgos ni baridi inayoingia chini ya mlango. León ni sauti ya mwanamke anayeuliza kama hapa ni León. Kati ya hapo na hapo sijui kuna nini. Nina umri wa miaka hamsini na sita, nimesoma kila kitabu ambacho wapangaji wangu wametupa tangu nianze kazi hapa, nikiulizwa habari za mito ya Uchina naweza kujibu mawili matatu, lakini sijui Wahispania wenzangu wamepanda nini pembeni mwa reli ninayopita kila mwaka.

Basi nikaanza kuuliza watu. Bwana Puigdomènech wa ghorofa ya tatu, ambaye ana maoni juu ya kila kitu isipokuwa kufunga mlango wa lifti, aliniambia kwamba mtu mwenye akili husafiri usiku: unapanda umeshiba, unalala, unaamka umefika, na siku yako iko nzima mfukoni. Nikamwambia kwamba mimi kwenye treni silali, nasikiliza tu wengine wakilala. Akasema hilo si kosa la treni.

Kwenye baa ya Wagalisia wenzetu nusu walikuwa wa usiku na nusu wa mchana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu. Wa usiku walisema mchana unachosha. Wa mchana walisema usiku unachosha. Mmoja akasema yeye husafiri kwa basi, wakamzomea wote kwa pamoja, na hapo ndipo tulipoelewana.

Nikaenda hadi stesheni. Kijana wa dirisha la tiketi alikuwa mvumilivu, lakini nilimuuliza sana: inaondoka saa ngapi, inapita wapi, jua linakaa upande gani, ukikaa dirisha la kulia unaona mto au unaona ukuta. Nyuma yangu mwanamke mwenye mizigo akapaza sauti: “Mzee, unanunua tiketi au unainunua treni yenyewe?” Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana lilikuwa swali zuri. Kijana akasema ya mchana inaondoka saa mbili asubuhi na kunishusha Lugo saa nne usiku, na kwamba nikienda mchana nitaona nje. Nikamuuliza nje kuna nini. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, “Mimi? Mimi sijawahi kwenda.”

Swali la mwisho nililomuuliza ndilo lililonileta kwenye meza hii. Nilimuuliza kama treni ya mchana nayo hukatwa Monforte. Akasema ndiyo, zote mbili hukatwa: mabehewa ya mbele yanaendelea Vigo, ya nyuma yanafungiwa injini nyingine na kupandisha Lugo hadi Coruña, kwa hiyo angalia sana, mzee, umekaa behewa gani. Nikamwambia hilo nalijua. Nikaondoka bila tiketi.

Alhamisi hiyo Dorinda aliikuta barua yako juu ya meza, akaisoma, akaniuliza Evaristo ni nani. Miaka yote hii sikuwahi kumtajia. Nikamweleza yote. Alipomaliza kusikiliza alivua aproni, akaikunja, akaniambia kwamba yeye ameolewa na mwanamume aliyedhani anamjua. Kesho yake akaweka kalamu na karatasi mbele yangu, akasema, “Andika, Delmiro. Usipoandika wewe nitaandika mimi, na mimi sina maneno yako ya kuzungukazunguka.”

Kwa hiyo sizunguki tena. Nitakueleza jambo lenyewe, kwanza kama unavyolijua wewe, kisha kama lilivyokuwa.

Wewe unajua hivi. Februari ya mwaka wa sabini na moja ulinipigia telegramu kwamba Baba amezidiwa. Nikapanda treni ya usiku ile ile. Evaristo, ambaye wewe naye mlikuwa mmekwisha tangaziwa ndoa kanisani mara mbili na imebaki mara moja, alitumwa na lori lake la maziwa kunichukua stesheni. Akarudi peke yake, akasema treni imekuja na Delmiro hamo, na kwamba amengoja hadi mkuu wa stesheni alipofunga mlango. Baba akafa mchana ule. Mimi nikatokea siku ya pili, kwa miguu, nimelowa, wakati mnarudi kutoka makaburini. Wewe ulikuwa mlangoni na nguo nyeusi. Kabla sijafungua kinywa uliniuliza, “Kwani Evaristo hakukuona?” Na mimi nikajibu, “Stesheni sikumkuta mtu.”

Basi. Hayo tu ndiyo niliyosema. Yaliyobaki uliyajenga mwenyewe: kwamba Evaristo alikuwa kwenye karata na mvinyo hadi treni ikapita, kwamba aliona aibu akatunga uongo, kwamba kaka yako alilala kwenye benchi kwenye mvua huku baba anamuulizia. Ulimrudishia pete mbele ya watu. Ulimwambia, na nilikuwapo nikisikia, kwamba mwanamume asiyeweza kumwona mtu mmoja kwenye jukwaa moja hawezi kuona mke ndani ya nyumba. Alikuapia kwa marehemu mama yake. Alinigeukia mimi, Otilia. Alisema, “Delmiro, sema basi.” Mimi nikatazama viatu vyangu.

Sasa kama ilivyokuwa.

Usiku ule behewa langu, la Coruña, lilikuwa halina joto. Nikatembea kwenda mbele kutafuta penye joto, nikalipata katika chumba alichokaa msichana na shangazi yake. Shangazi akafungua kikapu, akatoa kimanda cha viazi, akafanya kama afanyavyo kila mtu aliyelelewa vyema: akatuzungushia macho wote na kusema karibuni. Unajua tunavyojibu. Tunasema asante, mle kwa heri, na tunatazama dirishani hata kama dirisha ni giza tupu. Mara ya pili tunakataa tena. Mara ya tatu, pengine, kipande kidogo. Mimi nilikuwa sijala tangu asubuhi ya telegramu, na nikasema, “Haya, asante,” mara ya kwanza. Shangazi alinitazama kama mtu aliyeingia kanisani na kofia. Yule msichana akacheka hadi akashika ubavu, akanikatia kipande kikubwa kuliko cha shangazi yake. Msichana huyo ndiye Dorinda. Hatukukutana kwenye dansi ya Wagalisia kama nilivyokuambia. Tulikutana usiku ule, katika behewa la Vigo.

Laiti ningeweza kusema nililala. Dorinda mwenyewe, hadi Alhamisi, aliamini kwamba nilipotea tu, kwamba sikujua. Nilijua. Tulipofika Monforte kulikuwa kumekucha tayari. Nilimsikia mkaguzi akipita na kupaza sauti, Vigo mbele, Lugo na Coruña nyuma. Niliona kwa macho yangu injini nyingine ikija kuyachukua yale ya nyuma, na begi langu likiwa ndani yake. Nikajiambia kazi ile huchukua nusu saa, najua, bado nina muda. Dorinda alikuwa anamenya chungwa. Nikajiambia, nisubiri chungwa.

Nimefikiri miaka ishirini na miwili kama ni chungwa kweli. Kwa upande mmoja ni chungwa. Kwa upande mwingine, kule nyuma kulikuwa na chumba cha Baba na kitanda chake, na mimi sikuwa na haraka ya kufika. Treni ilipoanza kutembea nilisimama kama mtu aliyeshtuka, nikapiga kelele kidogo, wakanipa pole. Nilifanya vizuri sana. Nikashuka Orense, nikangoja, nikarudi Monforte, nikafika Lugo siku ya pili. Na ni kweli kabisa kwamba stesheni sikumkuta mtu. Nani angekuja kunipokea siku ya pili?

Evaristo alisema kweli, Otilia. Treni ilikuja na mimi sikuwamo. Alisimama pale hadi mlango ulipofungwa.

Kila Novemba umeniandikia kwamba kuna mtu ameshusha rundo la kuni za mwaloni langoni. Mwaka wa kwanza uliziacha zikaoza. Mwaka wa pili uliziwasha, ukaniandikia kwamba kuni hazina kosa. Tangu hapo unaziwasha kila mwaka na kila mwaka unaniandikia, na mimi kila mwaka nimejibu habari za lifti. Nikadhani mambo yamepoa. Sasa anakwenda Bilbao, na wino wako umekuwa mzito.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Hilo utaamua ukiniona, na ukitaka kunirushia kitu nakuomba kiwe chepesi. Ninaloomba ni kwamba umwambie yeye kabla hajawauza ng'ombe. Kama kinywa kinakataa, mpe barua hii aisome mwenyewe, kuanzia pale ninaposema sizunguki tena. Ya kabla ya hapo aiache.

Jibu la swali lako ni hili. Jana nilirudi stesheni, nikanunua ya mchana, kiti cha dirishani, behewa la Coruña. Mchana hakuna pazia la kujificha nyuma yake, na nataka hatimaye kuona walichopanda. Natoka hapa Jumamosi tarehe mbili Oktoba na kufika saa nne usiku. Dorinda anakuja nami. Amesema Monforte atanishika mkono wa koti, na kwamba machungwa hatachukua.

Wewe usije stesheni, goti lako halipendi ngazi zile. Mwombe Evaristo aje.

Nisalimie jirani zetu wote, msalimie padri na ng'ombe wake, na mwambie muuza pweza wa sikukuu aniwekee sahani mbili za kwanza. Jitunze na baridi ya asubuhi. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, Evaristo akarudi peke yake akakuambia kwamba treni imekuja na mimi simo, safari hii mwamini yeye.

Kaka yako akupendaye,

Delmiro