Saa Tisa kwa Kiingereza

Jumatatu, 8 Desemba 2025

Hili sijamwambia mtu, hata mama. Siwezi kutamka tatu kwa Kiingereza. Ile th yao! Kwangu inatoka s tu — "srii", kama tairi linaloishiwa upepo. Kidato cha nne nimemaliza hivyo hivyo, maana mtihani ni wa kuandika. Sasa niko kwenye majaribio ya kazi, mapokezi, kwenye lodge hii ya njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Hapa hakuna kuandika. Ni kusema tu.

Nimepata mbinu. Pa kusema "thank you" nasema "asante" — wanafurahi mno! Chumba namba tatu nawaonyesha kwa mkono. "Bathroom" naiita "toilet". Siku nzima naruka maneno kama mtu anayeruka madimbwi.

Jumanne, 9 Desemba

Hamisa kanigundua. Yeye ni mwenyeji hapa mapokezi, baba yake ana duka la vitenge mjini Karatu. Hakucheka. Sawa, alicheka kidogo. Akasema th aliizoea madrasa tangu mtoto, Kiarabu kinayo. "Toa ulimi, ung'ate kidogo, halafu puliza. Toa bwana, hauibiwi!"

Nikashindwa. Kumtolea mtu ulimi! Kwetu Endabash ningekula kibao.

Nikamwambia naye aseme ng'ombe kwa Kiiraqw, ile sauti inayopitia pembeni mwa ulimi. Akajaribu. Akatemea mate kitabu cha wageni. Tulicheka hadi dada Selina, meneja wetu, akachungulia. Kumbe kila mtu ana sauti inayomshinda — ila ya kwangu ndiyo wanayoiuliza kazini.

Jumatano, 10 Desemba

Parmuat alipiga simu mchana. Ndiye anayewatembeza wageni msituni hadi mapango ya tembo. Hajaajiriwa, anaitwa kukiwa na wageni, na watoto wake wanasoma kwa miguu yake hiyo. Akasema, "Binti, waambie wale wageni, mume na mke, kesho saa tisa mchana, getini kwenu."

Walikuwa wamesimama mbele yangu. Yule mume akauliza ni saa ngapi. Akaniangalia mdomo, kwa upole tu, anasubiri. Ulimi ulikuwa tayari katikati ya meno. Nikaurudisha.

Nikasema "nine".

Tisa ni tisa, si ndiyo? Siyo. Najua siyo! Saa yetu na saa yao hata mtoto wa shule ya msingi anazijua. Nilijiambia nitamwomba Hamisa awarekebishie. Kikaingia kikundi cha Wafaransa na mabegi yao. Hamisa akaondoka. Nami nikaondoka.

Alhamisi, 11 Desemba

Zamu yangu ilianza saa sita. Nilipofika, wale mume na mke walishakwenda zao.

Walisimama getini tangu saa tatu asubuhi, kofia kichwani, fimbo mkononi. Parmuat anapigiwa, hapatikani — kule kwake mtandao ni wa kubahatisha. Mwisho wakapanda gari lao, safari ya Eyasi ikawahishwa. Yule mke aliagiza tuambiwe kwamba hayo matembezi ndiyo yaliyomleta Tanzania.

Saa tisa kamili Parmuat akatokea. Peke yake barabarani, viatu vya matairi vimeoshwa.

Dada Selina alimwakia palepale. "Nyinyi na saa zenu za Kiswahili! Ulisema saa ngapi?"

"Nilisema saa tisa, dada."

"Si unaona! Mzungu akisikia tisa anajua asubuhi!"

Parmuat akakuna kichwa. Akasema kweli, basi kosa ni lake, angetaja alasiri. Lakini alitaja mchana! Nilimsikia mimi! Halafu akanigeukia. "Usijali, binti. Wewe ulifikisha tu nilivyokutuma."

Nilipanga funguo ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Ijumaa, 12 Desemba

Dada Selina kasema Parmuat asiitwe tena. Atatafutwa mwingine.

Mimi kanisifu. Eti sina makelele.

Jumamosi, 13 Desemba

Off. Nimepika makande huku natoa ulimi, naung'ata, napuliza. Mama akaniuliza kama nimeungua. Nikasema ndiyo.

Karibu na kuiva, ikatoka. "Three." Safi kabisa, kama ya Hamisa. Nikairudia. "Thirty. Thursday. Thank you." Zote zinakuja sasa, zimejipanga foleni! Mama kasema moshi umezidi leo, mbona macho yako hivyo.

Jumatano zilikuwa wapi?

Jumapili, 14 Desemba

Nimejifungia stoo ya mashuka. Wale mume na mke wamerudi kutoka Eyasi, wanalala hapa usiku mmoja kabla ya ndege. Dada Selina anataka niwaombe radhi kwa niaba ya lodge. Niseme mwongozaji alichanganya saa, na kwamba ameshaondolewa. Hamisa kaninong'oneza, "Sema tu, utaweza, si umeshaijua th?" Anadhani naogopa kutamka.

Na Parmuat amekuja. Hakuitwa. Yuko pale kwenye benchi la mapokezi, shuka mpya, na chupa ya asali mapajani. Anasema hawezi kuacha watu waende kwao na uchungu aliowatia yeye. Ameniomba nimtafsirie. Mimi! Hana mwingine, anasema, mimi ndiye ninayeyajua maneno yake.

Dada Selina anagonga. "Germana! Wageni wameshakaa!"

Nikisema "three" mbele yao, yule mume atakumbuka mdomo wangu. Nisiposema, ile asali itapokelewa, na kosa litabaki la Parmuat.

Anagonga tena. Wewe daftari, tafadhali nyamaza. Usimwambie mtu, si Hamisa, si mama. Ninyamazie tu mpaka nifungue huu mlango —