Nani Aliiita Timu Yetu Kaniki

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, joto la kubana, na mvua imekataa kunyesha.

Nianze mwanzo, maana wengi mnaosoma blogu hii si wa mtaa wetu.

Timu yetu inaitwa Kaniki. Mwaka huu imepanda ligi kuu, wachezaji wameanza kulipwa mshahara, na jengo la klabu limepakwa rangi upya. Katibu wa klabu ni Mwalimu Kheri, anayenifundisha historia skuli. Aliniomba niandike aya moja kuhusu asili ya jina letu, ichorwe ukutani karibu na mlango, herufi nyeupe juu ya nyeusi. Nilifurahi kupita kiasi. Kusema mbele za watu siwezi, lakini kuandika naweza.

Wiki nzima nimesoma habari za majina ya timu. Ipo ya Ulaya iliyoanzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha, na mpaka leo ina mzinga kifuani. Ipo nyingine yenye jina la siku ya wiki, kwa sababu waanzilishi wake walipata nafasi ya kucheza siku hiyo tu. Hapa kwetu timu nyingi zina jina la mtaa, au la kazi ya wenyewe. Yetu ina jina la nguo. Kaniki ni kile kitambaa cheusi cha pamba alichokuwa akivaa mwanamke aliyefiwa na mumewe.

Sababu yake mtaa mzima unaijua, kwa kuwa Babu yangu ndiye anayeihadithia. Alikuwa nahodha wa kwanza. Anasema jina alilichagua yeye mwenyewe, ili wapinzani wajue tunakwenda kuwatia msibani. Mashabiki wanaipenda hadithi hiyo. Tukifunga goli, wanawaimbia wenzao wakanunue kaniki.

Jana nilikwenda kwa Bi Zuhura, jirani yetu aliyeshona jezi za kwanza. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: zilikuwa na mikono au hazina?

Alikuwa anachagua mchele. Akasema hazikuwa na mikono, kitambaa hakikutosha. Nikamuuliza kilinunuliwa duka gani.

Hakikununuliwa. Zilikuwa kaniki zake za eda. Mumewe, Haji, alichezea timu hiyo kabla haijawa na jina. Alianguka kwenye mkarafuu huko Kidichi, akafa. Bi Zuhura alikaa ndani miezi minne na siku kumi, na ilipokwisha eda, nguo zile ilibidi zitoke nyumbani, maana hazivaliwi tena. Kwa kawaida hupewa mtu. Yeye alizikata, akawashonea rafiki zake Haji, waliokuwa wakicheza vifua wazi.

"Nani angekubali kuvaa nguo ya eda uwanjani?" aliniambia. "Alojua ni babu yako peke yake. Wenziwe akawaambia nyeusi ni ya kuwatisha watu. Mie nikanyamaza, nikasema wavae tu. Lakini jina lile ni la kumlilia Haji, mwanangu. Na Haji hatajwi."

Kisha akaendelea na mchele wake. Hakuniomba chochote.

Leo asubuhi niliandika, nikachana, nikaandika tena. Nikisema kweli, Babu ataonekana muongo mbele ya mtaa mzima, wiki moja kabla ya mechi ya kwanza ya ligi kuu. Tena hawatakosekana wa kusema timu ina mkosi tangu siku iliyozaliwa. Nikiandika hadithi ya Babu, Bi Zuhura atapita mbele ya ukuta ule kila siku akienda sokoni.

Na Bi Zuhura anajua kusoma.

Nilimwandika Haji.

Baada ya Alasiri nikaipeleka aya yangu klabuni. Nilidhani nitamwachia Mwalimu Kheri mkononi, niondoke mbio. Kumbe wazee wote wako barazani wanakunywa kahawa, Babu katikati yao, na fundi wa maandishi keshafungua kopo la rangi. Babu akanyoosha mkono.

"Lete nisome mwenyewe. Sauti yako wewe wataisikia paka tu."

Wakacheka. Akavaa miwani, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti yake ya unahodha. Akasoma wa pili. Mistari iliyobaki akaisoma kwa macho tu.

"Vipi, Nahodha," mzee mmoja akamtania, "mjukuu kaandika Kizungu?"

Babu aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu, akamwambia fundi arudi kesho, maandishi yana kasoro.

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Nilitamani anigombeze. Njia nzima nilikuwa najitetea moyoni kwamba nimeandika kweli, na ni kweli nimeiandika. Lakini jana jioni tulikaa chumba kimoja, tena peke yetu, na sikumwambia. Niliogopa. Niliiacha karatasi imwambie mbele ya watu. Kumtaja Haji sikujutii. Hilo la pili ninalijutia.

Baada ya Magharibi, tukinywa chai, Babu aliitoa ile karatasi, akaiweka kando ya sahani yangu. Hakuniangalia.

"Umekosea," akasema. "Haji hakuwa beki. Alicheza winga wa kushoto. Beki nilikuwa mimi."

Akavaa kofia, akatoka kwenda msikitini, ingawa adhana ya Isha ilikuwa bado kabisa.

Nimefuta beki, nimeandika winga wa kushoto. Mengine yote nimeyaacha kama yalivyo. Je, hiyo ni ruhusa? Sijui, na Babu bado hajarudi.

Fundi atakuja kesho saa tatu asubuhi. Kabla ya hapo nina neno la kumwambia Babu, na safari hii nitalisema kwa mdomo wangu.