Hodi Tatu Mlangoni pa Darasa

Mpendwa bibi yangu Koko,

Nakuandikia kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, kama uandikavyo wewe, ingawa mimi nawe hatujawahi kuzungumza Kiswahili hata siku moja. Ndani ni Kikomoro, uani ni Kimalagasi, barua za wazee ni Kiswahili: ndivyo nilivyokukuta na ndivyo ulivyonilea. Mkono wangu bado mzito, utaona. Lakini nina sababu. Binamu anayekusomea barua za Kifaransa hawezi kuzisoma herufi hizi, na haya ya leo nataka uyasome mwenyewe, umevaa ile miwani yako iliyofungwa uzi.

Mwalimu wetu wa Kimalagasi alitupa kazi ya insha. "Chagueni neno moja fupi la nyumbani kwenu," alisema, "mkaulize limetoka wapi. Bendera sasa ni yetu, basi na maneno tuyajue asili yake." Wenzangu walichagua majina ya samaki na ya vyakula. Mimi nilichagua hodi.

Nilianza kwa fundi wetu wa chuoni, anayetusomesha Kurani hapa mtaani Mahabibo. Nilisimama mlangoni kwake nikapiga hodi ili nikamuulize juu ya hodi, naye alipojua nilichofuata alicheka hadi akakohoa. "Kusalimu mlangoni na kuomba ruhusa mara tatu, hayo ni ya dini," alisema. "Ila neno lenyewe, mwanangu, silioni katika vitabu vyangu. Andika hivi: fundi hajui. Hilo nalo ni jibu." Nikaandika.

Nikaenda kwa Mhindi anayemuuzia Shangazi, ninayekaa kwake, nyuzi za kutarizi. Yeye hakufikiri hata kidogo. "Hodi? Kwetu kwa Kigujarati hodi ni mashua ndogo. Babu yangu aliposhuka pwani hii, kila mlango aliopita alisikia watu wanasema hodi, hodi. Akadhani wote wanamuuliza mashua yake ameiacha wapi!" Sijui kama ni kweli. Yule bwana husema lolote ili mtu asitoke dukani mikono mitupu, na kweli nilitoka na kibunda cha uzi wa kijani ambao Shangazi hakuutuma.

Mwalimu mwenyewe, ambaye ni mtu wa bara juu, alisema hata kwao huita "haody" mlangoni, na kwamba neno hilo huenda lilipanda huko kutoka kwetu pwani. Nikajikaza nikamuuliza juu ya "hody", lile neno la Kimalagasi la mtu ambaye atarudi kwao. Je, si ndugu? Akatikisa kichwa. "Hapana, binti. Hayo ni maneno mawili tofauti. Yamefanana sura tu, kama watu wawili sokoni." Nikaandika alivyosema. Ila moyoni, Koko, nimeyaacha yaendelee kuwa ndugu.

Mwisho nikaandika jibu lako. Unakumbuka? Nilikuwa mdogo, meno ya mbele hayajaota, nikakuuliza hodi imetoka wapi. Ulikuwa unapepeta mchele, hukuinua hata macho. "Imetoka nje," ulisema. "Hodi siku zote hutoka nje. Inayotoka ndani ni karibu."

Nadhani hakuna aliyejibu vizuri kuliko hivyo.

Ni wewe uliyenifunza kupiga hodi, kule kisiwani Nosy Be, kwa jirani yetu Mama Zaina, yule wa kutoka Nosy Komba ambaye mapazia yake yalijaa maua ya uzi mpaka upepo ukawa hauyainui. Mimi nilikuwa naingia tu nyumba za watu kama kuku. Siku moja ukanishika bega, ukanitoa nje, ukanisimamisha upande wa mlango, si mbele yake. "Hapa," ulisema. "Jicho lisiingie kabla ya mguu. Sasa ita."

Nikaita. Unajua sauti yangu ilivyo.

"Hodi gani hiyo?" ukaniambia. "Unaomba ruhusa kwa mchwa?"

Nikaita tena. Mama Zaina, ambaye alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka pazia na alikuwa anatusikia tangu mwanzo, akapaza sauti: "Nani huyo? Paka?"

"Si paka, ni mimi!"

Hapo mkaniangukia wote wawili. "Mimi! Mimi nani?" ulisema. "Hata mwizi ni mimi. Taja jina lako, au taja wewe ni wa nani."

"Mimi ni wa Koko," nikasema, nikaanza kulia, na Mama Zaina akatoka na kipande cha muwa.

Njiani kurudi nyumbani ndipo uliponieleza hesabu ya hodi. Ya kwanza ni ili wakusikie. Ya pili ni ili wajisitiri. Ya tatu ni ili waamue. Baada ya ya tatu geuka uende zako, wala usinune, kwa sababu aliye ndani ana sababu zake na wewe huzijui. Nilikuuliza, je, kama yuko ndani na ananisikia? Ukasema, "Hasa huyo. Huyo ndiye usimnunie."

Insha ilipata sifa. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa, watu wakacheka pale kwenye paka na kwa Mhindi, na mimi niliinamisha kichwa kama kawaida yangu. Walidhani ni aibu ya kusifiwa. Kumbe kuna mlango mmoja sikuuandika, na wewe unaujua ni upi.

Au huujui? Hilo ndilo linalonisumbua tangu mwaka jana.

Ulikuja huku Mahajanga kwa ajili ya mtoto wa Shangazi kupewa jina. Asubuhi ile niliondoka bila kula, nimechelewa, na wewe ulikuwa ndiyo kwanza unaipua vitumbua vya nazi. Saa nne tulikuwa katika imla ya Kifaransa. Darasa kimya, kalamu tu zinakwaruza. Ndipo nikasikia, kutoka nje, pembeni mwa mlango ulio wazi:

"Hodi!"

Niliijua kabla haijaisha. Ulikuwa umesimama upande, kama ulivyonifunza, kwa hiyo hakuna aliyekuona. Ilikuwa sauti tu, na ncha ya salova yako, ile nguo ya manjano unayojifunga, iliyopeperushwa na upepo. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, Abdou, aliguna kwa kicheko, na kicheko kikashika moto darasa zima. Mwalimu wa Kifaransa, ambaye wakati huo alikuwa hajamaliza mwaka hapa, alipaza sauti: "Entrez!"

Koko, hilo lilikuwa karibu. Kwa lugha yake mwalimu alikuwa amekukaribisha. Lakini alilisema kwa ukali, jinsi anavyosema kila kitu, na wewe hujui neno hilo, na huingii nyumba ya mtu kwa neno usilolijua. Ukangoja. Ukaita tena.

"Hodi!"

"Mais entrez donc!"

Kicheko. Mwalimu akatutazama. Akauliza kwa Kifaransa kama kuna anayemfahamu mtu huyo. Nilikuwa na lugha yake na nilikuwa na lugha yako, zote mbili kinywani. Neno moja tu lilitakiwa. Nilikuwa nawaza unga wa sandali uliojipaka usoni, nawaza watakavyouangalia, nawaza Abdou. Nikatazama daftari langu. Nakumbuka hata neno nililokuwa nimeliandika nusu.

"Hodi," uliita mara ya tatu, chini zaidi. Kisha ncha ile ya manjano ikaondoka mlangoni.

Kabla ya sisi kutoka ulikuwa umekwisha fika nyumbani, na sahani yako. Ulinipa vile vitumbua vimepoa, saba, navikumbuka. Shangazi akauliza kwa nini hukuvipeleka. "Nilipeleka," ulisema. "Mlango ulikuwa na shughuli." Ukanisogezea maji. Sikuona kitu usoni mwako, na nilitafuta. Baada ya siku mbili ulipanda lori la Ambanja kurudi kwako, na mimi nilibeba kikapu chako hadi kituoni bila kufungua mdomo.

Nilikuwa ndani, Koko. Nilikusikia mara zote tatu. Siku zote nimejiambia labda ulidhani umekosea darasa. Lakini mlinzi wa shule aliniambia baadaye kwamba ulimuuliza, naye akakuonyesha mlango kwa kidole. Hukukosea darasa.

Sasa nikwambie la mwezi uliopita, kwa sababu sikuandika barua hii ili nilie. Nimekwisha kulia, na kusema kweli siku hizi nina furaha.

Tulikuwa darasani, mwalimu ni yule yule, mlango ni ule ule. Nje ikasikika: "Haody!" Sauti ya mwanamke, pana, ya mtu aliyezoea kuita wateja. Watu wakaanza kucheka. Mimi nikamtazama Abdou, kwa mazoea, maana yeye ndiye huanza. Abdou hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya daftari lake, shingo imekazana, masikio yamemwiva. Niliijua shingo ile. Ilikuwa yangu.

"Entrez!" akasema mwalimu.

Hakuna aliyeingia.

"Haody!"

Sijui nilisimamaje. Nilisikia kiti kikikwaruza sakafu, nikadhani ni cha mtu mwingine. "Karibo, Mama!" nikasema. Lakini ilitoka ile sauti ya mchwa. Wakanicheka mimi sasa. Nikakukumbuka ulivyonishika bega, nikavuta pumzi.

"KARIBO, MAMA! Ingia!"

Nadhani hata mlinzi getini alisikia. Nikamgeukia mwalimu nikamwambia kwa Kifaransa kwamba mama huyu si mkaidi, kwetu mtu haingii mpaka ajibiwe kwa neno analolijua, na kwamba yeye alikuwa anamkaribisha lakini mgeni hakujua kama amekaribishwa. Nilikosea kitenzi kimoja, nakumbuka ni kipi, na kwa mara ya kwanza hakunisahihisha. Kisha akageukia mlango akasema, "Karibo," kwa ile r yao ya kooni. Darasa zima likacheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Mama Abdou akaingia. Aliacha ndara zake kizingitini, akatembea peku juu ya sakafu ya darasa kana kwamba ni mkeka wa mtu, akampelekea mwanawe daftari alilolisahau nyumbani. Alinukia samaki, ndiyo. Alimsalimu mwalimu, akatusalimu sisi, akatoka kinyumenyume. Hakuna lililotokea. Koko, ndilo nililojifunza: hakuna linalotokea.

Saa ya mapumziko Abdou alinijia pale ninapokaa peke yangu, karibu na bomba. Nilidhani amekuja kunitania. Akasimama, akapiga teke kijiwe.

"Kumbe una sauti wewe," alisema.

"Ninayo."

"Ulikuwa umeificha wapi siku zote?"

Akanikatia nusu ya muhogo wake wa kuchemsha, tukala. Ndipo nilipoamua kukuandikia, maana nilikuwa nimejibu. Nilichelewa mwaka mzima, na aliyekuwa nje hakuwa wewe, lakini nimejibu.

Likizo kubwa inaanza juma lijalo. Shangazi amenitafutia nafasi kwenye lori la mtu anayepeleka sabuni Ambanja, kisha nitavuka kutoka bandari ya Ankify na mashua ya asubuhi, hodi ya yule Mhindi. Nakuletea uzi wake wa kijani umpe Mama Zaina. Nitafika uani kwako kabla ya adhuhuri, kama bahari itapenda. Nitaweka mfuko chini. Nitasimama upande wa kulia wa mlango, jicho lisiingie kabla ya mguu, nami nitaita mara tatu, kwa sauti, mpaka kuku waruke.

Usipojibu, nitauchukua mfuko wangu nirudi Ankify. Wala sitanuna. Aliye ndani ana sababu zake, na safari hii mimi nazijua.

Lakini kama utajibu, Koko, jibu lako la kawaida litanitosha. Usitafute maneno makubwa. Niseme tu kwamba barua hii usiihesabu katika zile tatu. Hii siyo hodi. Huu ni mlio wa ndara zangu uani.

Ni mimi.

La, usinicheke, nimekumbuka. Ni mjukuu wako wa Mahabibo. Ni wa Koko.