Barua Zake Zatoka, Zangu Zimekwama

Alhamisi, kabla ya magharibi. Joto la leo limenikaa kichwani. Hata feni yaleta hewa ya moto. Nina jambo la kuungama na sina wa kumwambia ila ukurasa huu wa blogu yangu.

Nina wivu.

Tangu Jumatatu nimeutafutia jina jengine. Nikauita uchovu, nikauita hasira, nikauita uonevu wa kampuni ya mtandao. Ni wivu.

Mnaonisoma mwajua kwamba nyumbani kwangu, nyuma ya Ndia Kuu ya Mji wa Kale, nina kompyuta kuukuu niliyoigeuza sava ya barua pepe, mtambo wa kuzipokea na kuzituma. Inakaa juu ya kabati la vyombo, inavuma kutwa. Mafundi na wenye maduka wa mtaani wana anwani zao humo. Kazi yangu hasa ni kufundisha kompyuta chuoni, lakini kusimamishwa njiani na kuulizwa, "Mwalimu, barua yangu imefika?" kulinipa hadhi ambayo darasa halijanipa.

Jumatatu barua zikaacha kutoka. Zinazoingia zaingia vizuri. Zinazotoka zajipanga foleni na kukaa. Nilizima, nikawasha, nikapitia mipangilio mstari kwa mstari. Mwisho nikaipigia simu kampuni inayonipa mtandao. Dada aliyepokea akanieleza kwa adabu nyingi kwamba wateja wa majumbani hawaruhusiwi tena kutuma barua moja kwa moja kutoka kwenye sava zao wenyewe. Kompyuta nyingi za majumbani zina virusi, humwaga barua taka bila mwenyewe kujua, kwa hivyo wameona bora wafunge kwa wote.

"Yangu haina virusi," nikamwambia.

"Naelewa, mama. Wateja wa biashara ndio walioachiwa."

Mercy ni mteja wa biashara.

Mercy alikuwa mwanafunzi wangu. Baba yake alitoka bara kuja kufanya kazi reli, yeye akakulia mtaa wa Buxton, na Kiswahili chake ni cha hapa hapa. Alichokijua kwanza kuhusu sava za barua nilimfundisha mimi. Sasa ana ofisi ndogo mtaa wa Tononoka, ana laini ya biashara, na barua zake zatoka.

Jumanne asubuhi nikaenda kwa Ami Twalib, mchonga milango. Alikuwa ametuma michoro ya mlango kwa hoteli moja ya Unguja kupitia sava yangu, ikakwama foleni, na hoteli ilikuwa imempa mwisho siku hiyo hiyo, la sivyo kazi apewe fundi mwengine. Niliingia na maneno ya kuomba radhi tayari mdomoni. Hayakuhitajika.

"Sabalkheri, mwanangu. Usijisumbue, ile michoro imekwenda," akasema. "Nilimwendea yule Mercy, akanifungulia anwani mpya. Wamejibu papo hapo. Yule msichana ni fundi, mashallah."

Fundi. Mimi hajaniita fundi hata siku moja.

Nilipaswa kufurahi, maana kazi ya mzee imepona. Badala yake nikaisikia sauti yangu, ya chini, ya upole, kama ya mtu anayemwonea huruma mzee wake.

"Ni hodari, kweli. Ila jihadhari, Ami. Nasikia barua za wateja huzisoma."

Sikuwa nimesikia kwa mtu yeyote. Nilitunga pale pale, nimesimama juu ya maranda ya mbao.

Ami Twalib akaweka patasi chini. "Wallahi?"

"Watu wasema," nikajibu, nikaaga.

Jana alasiri Mercy akabisha kwangu. Nilipomwona mlangoni nikadhani amejua. Kumbe amekuja kutaka ushauri. Maneno yangu yalikuwa yametoka kwa Ami Twalib yakafika kwa jirani zake, na tayari wateja wawili wa Mji wa Kale wamemkimbia. Hakuna aliyemwambia nani aliyeanza.

"Mwalimu, kuna mtu aniharibia jina," alisema. "Nifanyeje?"

Nikamwambia apuuze. Nikamwambia watu wa mtaa huu wana maneno mengi. Nikammiminia chai.

Alipomaliza kikombe akauliza habari za sava yangu. Nilipomweleza, akasema si shida: barua zangu zipitie kwake, sava yangu izikabidhi kwa sava yake, na yake izitoe nje. Akaandika mistari michache kwenye kompyuta yangu, na foleni ya siku tatu ikapungua mbele ya macho yangu hadi ikaisha. Njia hiyo naijua. Ningemwomba tangu Jumatatu, lakini sikutaka kumwomba yeye.

Leo baada ya darasa la asubuhi nikarudi kwa Ami Twalib, nikamwambia nilimzulia yule binti. Hakunikemea. Akasema, "Haya, mimi nimesikia. Na yeye je?"

Nikaenda Tononoka kwa miguu, juani. Mercy alikuwa peke yake ofisini. Nilisema yote nikiwa nimesimama, hata neno "wivu" nikalitaja. Aliniacha nimalize. Macho yalimjaa machozi lakini hakulia.

"Nimewafikiria watu wote," akasema. "Wewe hukuwemo."

Nikamwambia nitaondoa barua zangu kwake, nisimsumbue tena. Akatikisa kichwa.

"Wacha zipite. Wale mafundi hawana kosa. Lakini leo, Mwalimu, naomba uende."

Nikaenda.

Kesho nitawazungukia wote waliosikia, duka kwa duka, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba ulikuwa uongo na ulitoka kwangu. Hilo nimeliamua, na naliandika hapa ili nisipate pa kujificha.

Lakini niseme ukweli wote maadam nimeanza. Nilipokuwa nikishuka ngazi za ofisi yake, nimefukuzwa kwa adabu, aibu haikuwa peke yake kifuani. Nilimwonea wivu tena. Safari hii si kwa laini yake wala kwa wateja wake. Ni kwa kuwa aliweza kuumia vile, na katikati ya maumivu akawakumbuka watu wengine.

Mimi ningeliweza hilo?