Kofia za Zimamoto

Mbamba Bay, Agosti 1994

Shikamoo kaka Erasmo,

Mimi mzima, na mihogo imekubali. Ile kofia ya zimamoto wa Kiingereza uliyoipata kwenye mitumba imefika. Ni ya shaba, ina joka utosini. Sasa ninazo nne.

Unakumbuka bibi alivyotutisha kwamba wazimamoto hunyonya damu? Basi majirani nao wameniita mumiani, na Jumapili wakaichoma nyumba yangu. Nikaivaa hiyo ya joka, nikaingia motoni kuzitoa zile tatu. Walikimbia wao.

Mjomba Leopold anataka nizitupe ziwani. Nimezipanga juu ya ukuta uliobaki, zinatazama njia ya kanisani. Ukiona ya tano, nunua.

Mdogo wako, nipo hapa hapa,
Serafina